Feni ya Boti Ivute Hewa ya Chini

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Kwenye gari, petroli ikivuja hudondoka barabarani na upepo ukauchukua mvuke wake. Kwenye boti yenye injini ya ndani hauna pa kwenda: hushuka kwenye ngama, ukatanda juu ya maji machafu yaliyotuama humo. Wala si lazima uwe mwingi. Ukifikia takriban asilimia 1.4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja ya stata inatosha kulipua. Na kwa joto la pwani yetu, petroli haiachi kutoa mvuke mchana wala usiku.

Kwa hiyo nikikuta fundi amefunga feni nzuri, kisha mdomo wa bomba lake ameuacha juu karibu na mfuniko, huwa sina la kumsifu. Feni hiyo inatoa hewa ya moto, mwenye boti anaisikia ikivuma na kuridhika, huku mvuke umelala chini haujaguswa. Mdomo wa bomba la kunyonya unatakiwa ushuke hadi theluthi ya chini ya chumba, ila usifike kwenye maji ya ngama. Ukizama, feni inazunguka bure. Hewa safi nayo iingilie upande mwingine, ipite chumba kizima kabla ya kutoka.

Kuisikia feni si ushahidi kwamba inafanya kazi. Nenda nje, weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa ubavuni mwa boti. Usipohisi hewa ikikusukuma, fuata bomba kwa mkono tangu mwanzo: mara nyingi utakuta kibanio kimeoza kwa chumvi na bomba limechomoka, au limepasuka pale lilipokunjwa.

Kanuni za walinzi wa pwani wa Marekani zinataka boti za petroli zenye injini ya ndani, zilizotengenezwa baada ya Julai 31, 1980, ziwe na feni ya namna hii, na kibao kinachomwambia nahodha aiwashe dakika 4 kabla ya kupiga stata. Ukinunua boti ya mtumba kutoka huko, usikibandue kibao hicho wakati wa kupaka rangi. Dakika 4 ni za chini kabisa. Ukishajaza mafuta, mimi ningeongeza. Wakati wa kujaza kwenyewe, zima kila kitu, feni pia, funga mifuniko na madirisha. Ukimaliza, fungua, washa feni, kisha inama unuse ngamani. Harufu ikiwepo hata kidogo, usiguse stata, tafuta panapovuja.

Kuna jambo ambalo wenye boti hulipuuza kwa sababu ya bei. Altaneta na stata za gari huingia vizuri kwenye injini nyingi za boti, tena kwa bei nafuu. Lakini za boti ya petroli zimefunikwa ili cheche za ndani zisiukute mvuke wa nje. Za gari hazina kinga hiyo. Feni ya gari ni vilevile. Ukiifunga ili iondoe mvuke, umeupitisha mvuke huo kwenye mota inayotoa cheche.

Injini ya dizeli ina shida nyingine. Mvuke wake si wepesi wa kulipuka, lakini yenyewe ina kiu kubwa ya hewa. Injini ya lita 4 inayozunguka mara 2,500 kwa dakika huvuta takriban lita 5,000 za hewa kila dakika, mbali na hewa ya kupoza chumba. Ikitoa moshi mweusi na nguvu kupungua, fungua mfuniko kidogo ukiwa baharini kumetulia. Moshi ukikatika, matundu ni madogo, na pampu ya dizeli haina kosa.

Moto ukizuka humo ndani, mambo yanageuka: zima injini na feni, funga mafuta, na usifungue mfuniko, maana utaupa moto hewa. Boti iliyotengenezwa vizuri huwa na tundu dogo lenye kizibo la kupitishia mdomo wa kizima-moto. Yako isipokuwa nalo, fundi anaweza kulitoboa na kulifunga kizibo kwa muda mfupi tu.