Usiiuze kwa Kilo Kinga ya Babu

Ninakuomba uende nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, utazame ile kadre nyeusi ya kinga ya babu. Ina kutu, haina magurudumu, na mama anaanikia juu yake vitambaa. Wanunuzi wa vyuma wanapita na mizani yao, na siku moja mutu mu nyumba atasema: "Ile chuma iko bule, tuiuze." Mbele ya siku hiyo, tusemezane kidogo. Pengine kadre ile ingeweza kukupeleka ku kazi kila asubuhi, na pesa ya basi ikabaki juu ya minervali ya watoto. Lakini pengine imepasuka ndani, nayo itakuangusha mbele ya kamyo yenye kubeba mawe ya mgodi. Inafaa kujua ni gani kati ya hizo mbili.

Watu wengi wanatazama bamba dogo chini ya gidoni, wanasoma Hercules ao Raleigh, basi wanasema: hii ni ya Kingereza. Bamba peke yake halitoshi. Hercules ilizaliwa Birmingham mwaka 1910, lakini tangu miaka ya 1950 kuna kiwanda kule Madras, mji unaoitwa leo Chennai, mu India, kinachotengeneza kinga zenye jina lile lile. Raleigh vilevile ilitengenezwa Asansol, India. Sisemi kinga za India ni mbaya, hapana, zimebeba watu wengi. Ila mutu akikuuzia kinga kwa bei ya "Kingereza safi", uwe na macho. Na akikuonyesha kinga mupya na kuapa kwamba imetengenezwa Nottingham, mwambie kwa upole kama Raleigh iliacha kutengeneza kinga kule mwaka 2002.

Sasa tazama mwili wenyewe. Lile gurudumu la meno linalovuta shene mara nyingi linasema kweli kuliko rangi. Kwa Raleigh utaona vichwa vya ndege mwenye mdomo mrefu vimekatwa mu chuma. Kwa BSA utaona herufi zenyewe, na pengine alama ya bunduki tatu, sababu kampuni ile ya Birmingham ilianza kwa kutengeneza silaha. Rudge ina mkono wa mutu. Humber inajulikana hata toka mbali: mara nyingi kila mguu wa furshe yake una bomba mbili nyembamba pahali pa moja nene. Usishangae ukikuta vitu vya moja juu ya nyingine, maana Raleigh ilinunua Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, na kinga za BSA mwaka 1957. Ilikuwa jamaa moja kubwa.

Ukiwa na bahati, gurudumu la nyuma lingali na moyo wa vitesi vitatu wa Sturmey-Archer. Pangusa mafuta na vumbi, soma hesabu zilizopigwa mu chuma. Ukiona 56 na 3, maana yake Machi 1956. Lakini huo ni mwaka wa gurudumu, si wa kadre, na magurudumu yanabadilishwa.

Tufike ku jambo la maisha. Simamisha kadre mu jua, pitisha kidole chini ya bomba mbili zinazotoka mbele, pale zinapoungana na kichwa. Ukisikia mkunjo, ao rangi imevimba na kukatika kama ngozi ya mzee, kinga ile iligonga kitu kwa nguvu. Ondoa furshe kabisa, tazama shingo yake iliyofichwa ndani ya kichwa. Ufa ukiwa pale hauonekani toka inje, nao unaua. Kisha funga kamba ku mguu mmoja wa nyuma, izungushe mbele ya kichwa, uirudishe ku mguu wa pili. Pima toka kamba mpaka bomba la kiti, kuume na kushoto. Vipimo vikiwa sawasawa, kadre imenyoka.

Kama kuna ufa ku kiungo, usikimbie kwa fundi wa kuchomelea madirisha. Viungo vya kinga hizi havikuungwa kwa umeme. Viliungwa kwa shaba ya njano, yaani shaba na zinki, metali mbili ambazo watu wa Kipushi wanazijua sana. Moto wa umeme unachoma bomba nyembamba, na ile shaba ya zamani inaharibu kiungo kipya. Tafuta fundi wa gazi anayejua kuyeyusha shaba, ao uache kadre hiyo. Kutu ya juu juu haina neno. Kutu iliyotoboa ina neno.

Kufungua kunataka uvumilivu. Mimina mafuta ku bomba la kiti, ungoje hata siku tatu. Klavete, ile pini inayofunga mkono wa pedali, usiipige hewani: legeza ekru bila kuitoa, weka mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba gumu kilichosimama chini, halafu piga mara moja kwa nguvu. Kikombe cha bile upande wa shene kinafunguka kinyume, kwa kugeuza kuume, na pedali ya kushoto vilevile. Vijana wengi wenye nguvu wameharibu kadre muzuri juu ya kutojua neno hili moja. Na vikombe vya Raleigh usivitupe hata vikizeeka kidogo! Nottingham walikata meno 26 kwa inchi, wengine wa Uingereza 24. Ukilazimisha kikombe cha wengine, umeua kadre. Bile mupya ni rahisi: kumi na moja kila upande, robo ya inchi.

Ku soko la mipira, usiseme tu "ishirini na nane". Janti za kinga hizi nzito zinataka 28 x 1½, ambayo mipira ya leo inaiandika 635. Kuna 28 nyingine inayoandikwa 622. Tofauti ni milimeta 13, na haitaingia hata ukiimba.

Freni za fimbo zinashika janti toka ndani. Siku za jua zinafaa. Mu mvua, chuma kikilowana, unavuta na kinga inaendelea kama haikusikia. Kwa hiyo toka Novemba mpaka Machi uanze kuvuta mapema, mara mbili tatu polepole ili kukausha janti, na ubaki mbali na kamyo. Nyosha fimbo, weka mipira mupya ya freni, ujaribu njia isiyo na watu mbele ya kwenda ku kazi.

Baada ya juma la kwanza utasikia mlio ku pedali, tak, tak. Ni klavete zinakaa mu mahali pake. Zigonge tena kidogo, kaza ekru, na kisha uende.