Ada Haimtoshi Fundi

Kijana wa Kipumbwi, kusini mwa wilaya ya Pangani, akichaguliwa kujiunga na sekondari ya ufundi mjini Tanga, habari njema huja na karatasi. Wenyewe huiita fomu ya kujiunga. Ukurasa wa kwanza humpongeza. Zinazofuata huorodhesha: godoro, shuka, chandarua, ndoo, sare jozi mbili, viatu vyeusi, madaftari makubwa. Na kwa kuwa ni shule ya ufundi, huongezeka ovaroli na vifaa vya kuchorea: T-skwea, bikari, rula za pembe tatu. Bado nauli ya kufika Bweni, pantoni ya kuvuka Mto Pangani, kisha basi la Tanga. Baba mtu, ambaye riziki yake inategemea upepo na bamvua, huisoma fomu ile mara mbili, huikunja, huichomeka darini na kusema, "Tutaona."

Sisi tunaoshughulika na mafunzo ya ufundi tunalijua neno hilo. Wengi hudhani mtoto wa maskini hukwama kwa sababu ya ada, kwa hiyo mwenye moyo wa kusaidia huuliza swali moja tu: "Ada ni kiasi gani?" Akishaambiwa, hulipa, akalala na amani. Lakini ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondolewa ya kidato cha tano na sita. Katika vyuo vya VETA, ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi imekuwa Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Fedha hiyo si haba kwa mvuvi au mkata katani, ila ndiyo sehemu ndogo kuliko zote za gharama ya kumfikisha kijana kwenye mshahara wake wa kwanza. Kubwa zaidi huanza pale risiti ya ada inapokatwa.

Milango mitatu

Kabla ya kutoa fedha, mfadhili aelewe anamwingiza kijana mlango upi, maana kila mmoja una urefu wake.

Mlango wa kwanza ni sekondari ya ufundi, kama Tanga Ufundi na wenzake Ifunda, Moshi, Musoma, Mtwara, Iyunga na Bwiru. Humo mwanafunzi husoma hisabati, fizikia na masomo mengine ya kawaida, na juu yake ujenzi, umeme au mitambo, pamoja na michoro ya kiufundi. Akimaliza kidato cha nne bado si fundi kamili. Ana msingi wa kumpeleka stashahada kwenye vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978, au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni ya 1957. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imegawa sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali, hivyo masomo ya ufundi yanaingia katika shule nyingi zaidi ya zile chache za zamani.

Wa pili ni ufundi stadi. VETA iliundwa kwa Sheria Na. 1 ya 1994, na vyeti vyake huenda kwa ngazi tatu, ya kwanza hadi ya tatu. Mafundi wa umri wangu bado wanazungumzia Trade Test na gredi zake, ila ngazi ndizo zinazotumika leo. Mlango huu unamfaa hata aliyemaliza darasa la saba au aliyeanguka kidato cha nne, kinyume na wanavyodhani wengi.

Wa tatu ni vyuo vya maendeleo ya wananchi. Vilianzishwa mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya watu wazima vya Uswidi, na leo viko 54 nchini. Mkoa wa Tanga una Handeni, na una Kiwanda kule Muheza. Vyuo hivi vimekuwa kimbilio la wasichana walioacha shule kwa ujauzito, wengine wakiingia na watoto wao mgongoni, wakajifunza ushonaji, umeme, kilimo au upishi.

Tupa, skwea na mwanga

Ingia karakana ya mitambo wiki za mwanzo. Kila mwanafunzi kapewa kipande cha chuma cha ukubwa wa kiberiti, kakibana kwenye jiriwa, anakipiga tupa. Hakuna mashine inayonguruma. Anapiga tupa asubuhi, anapiga tupa mchana. Kisha huja mwalimu na skwea, hukiinua kile chuma hadi dirishani na kuulaza ukingo wa skwea juu yake. Mwanga ukipenya katikati, hata kama uzi, hamwambii kitu. Humrudishia chuma chake, na mwanafunzi anarudi kwenye jiriwa.

Wageni wakiliona zoezi hilo hulicheka. Lakini ndilo linaloufundisha mkono kuwa nusu milimita ni umbali mkubwa, na ndipo pia gharama za ufundi zinapoonekana. Mwanafunzi wa historia akikosea hufuta. Wa ufundi akikosea, chuma kimekwisha, ubao umekatwa, saruji imeganda. Fimbo moja ya kuchomelea huyeyuka ndani ya dakika moja au mbili, na kijana anahitaji kuyeyusha mamia kabla mshono wake haujatulia. Chuo kikipungukiwa vifaa, vijana kumi huzunguka mashine moja, mmoja anachoma, tisa wanatazama. Kwa karatasi wote kumi wamehudhuria, na wote kumi watapata cheti. Lakini aliyejifunza kuchomelea ni yule aliyeshika mkono wa mashine.

Ndiyo maana nawaambia wafadhili: ukishalipa kinachodaiwa, uliza karakana inapungukiwa nini. Boksi la fimbo za kuchomelea, rola la waya wa umeme au mbao za mazoezi humsaidia mwanafunzi wako na wenzake tisa.

Mahali tunapowapoteza

Wanaofadhiliwa hawaachi masomo ovyo ovyo. Kuna sehemu tatu ambako tunawapoteza, nazo zinajulikana.

Ya kwanza ni miezi ya mwanzo. Chumba cha kupanga, chakula cha jioni, dawa ya malaria, sabuni. Kwa msichana, chumba hicho ni usalama wake. Binti anayeishi kwa mtu asiyemjua vizuri, akitegemea sahani ya mwenye nyumba, yuko hatarini kwa namna ambayo risiti ya ada haioneshi. Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana mtoto akija mjini kusoma hakuachwa bila mlezi. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule, na ni jambo jema, ila kumpatia binti malazi ya kuaminika tangu mwanzo ni bora zaidi.

Ya pili ni fildi, yaani mafunzo kazini, wiki kadhaa au miezi ndani ya kiwanda au kampuni. Mara nyingi kijana hapewi posho, lakini kila siku anahitaji nauli, chakula cha mchana na viatu vya usalama. Mwenye uwezo huenda bandarini au kiwanda cha saruji Pongwe. Asiye na uwezo hujiandikisha gereji iliyo karibu na kwao, akachemsha chai na kufagia, kisha akagongewa muhuri. Ujerumani tatizo hili walilitatua kwa kumfanya mwanagenzi awe mwajiriwa tangu siku ya kwanza: ana mkataba, analipwa posho, siku nyingi yuko kazini na siku moja au mbili yuko chuoni. Hapa kwetu serikali ina programu ya uanagenzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inayowalipia vijana mafunzo kwenye vyuo mbalimbali. Nafasi hazitoshi wote, kwa hiyo mfadhili anayelipa nauli ya fildi anaziba pengo la kweli.

Ya tatu ndiyo inayouma. Kijana kahitimu, cheti mkononi, hana hata bisibisi. Fundi umeme asiye na testa, plaizi na mita humwendea mwenye nazo, akafanya kazi ya siku nzima kwa ujira wa kibarua. Zaidi ya hapo, ili asimamie mwenyewe ufungaji wa nyaya, anahitaji leseni ya EWURA, na bila fundi mwenye leseni kuthibitisha kazi, TANESCO haiungi umeme. Vifaa na leseni, mambo mawili ambayo bajeti nyingi za ufadhili haziyataji, ndiyo yanayoamua kama ataitwa fundi au deiwaka.

Tanga ilipokuwa inajua

Jambo hili si geni katika mji huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga, na ndani yake wakaweka mafunzo ya kazi za mikono, uchapaji ukiwamo. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi, lililoanza mwanzoni mwa karne iliyopita, lilichapwa shuleni hapo. Utawala ule ulikuwa na shabaha zake, na ustawi wa Mwafrika haukuwa shabaha ya kwanza. Lakini aliyefundishwa alijua anapokwenda, kwani ofisi, reli na mitambo ya uchapaji vilikuwa vinamngoja.

Baada ya uhuru viwanda vilichukua nafasi hiyo. Mbolea, chuma, nguo, mbao na kamba za katani vilikuwa kazi za Tanga, na karakana zake zilipokea vijana wabichi na kutoa mafundi. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vingine vingi vilififia katika kipindi kilekile. Watu huhesabu ajira zilizopotea. Mimi huhesabu pia vyumba vya kujifunzia, maana kila kiwanda kilichofungwa kilikuwa chuo kisicho na kibao mlangoni.

Sasa kazi zinarudi kwa sura nyingine. Bandari ya Tanga imechimbwa kutoka kina cha meta 3 hadi 13, na gati zake zenye urefu wa meta 450 zinapokea meli ambazo zamani zilitia nanga mbali, mizigo ikaletwa kwa matishari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443, linaishia Chongoleani, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Kazi za namna hii haziulizi cheti peke yake. Mchomeleaji wa bomba hupimwa kwanza kwa kuunganisha vipande mbele ya mkaguzi, na mshono wake hupigwa eksirei. Yule aliyetazama wenzake wakichoma atajulikana hapo hapo.

Nani alipe, na alipe nini

Fedha za umma zipo, na mfadhili mwerevu hujenga juu yake. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa kodi ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi 3.5% ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Halmashauri hutenga 10% ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4% wanawake, 4% vijana na 2% watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ya vijana hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo mhitimu mmoja mmoja huambulia patupu. Wakutanishe wahitimu wako watano wa kuchomelea, wawe na katiba na akaunti ya benki, mlango utafunguka.

Pwani yetu ina hazina nyingine ambayo haijatumika ipasavyo. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii wa karne ya 13, alieleza katika Al-Majmuu kuwa maskini mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununulia zana za kazi yake, ziwe za bei ndogo au kubwa. Madhehebu hayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanga, Pangani na Mkinga. Hata hivyo zaka yetu nyingi huishia kwenye noti chache za siku ya Idi. Kamati ya msikiti ikinunua mashine moja ya kuchomelea kwa mhitimu aliyethibitishwa, mwakani huenda naye akawa mtoaji. Makanisa, ambayo yamejenga vyuo vingi vya ufundi nchini, yanaweza kufanya vivyo hivyo kwa sadaka ya shukrani.

Ushauri wangu ni wa hesabu. Ukiwa na uwezo wa kuwalipia ada vijana watano, chagua wawili au watatu uwalipie safari nzima: malazi, ovaroli, vifaa vya karakana, nauli ya fildi, ada ya mtihani, na sanduku la zana siku ya kuhitimu. Andika fungu hilo la mwisho tangu mwanzo, wala lisiguswe. Wale waliobaki waunganishe na uanagenzi wa serikali au mfadhili mwingine. Kuchagua kunauma. Kuwaanzisha wote na kutommaliza hata mmoja kunauma zaidi, ila maumivu hayo huyabeba wao.

Ukisimama ng'ambo ya Bweni asubuhi utaiona pantoni ikipakia: pikipiki, magunia ya nazi, wanafunzi wenye ndoo na magodoro yaliyofungwa kamba. Kila aliyekata tiketi huvushwa hadi ukingo wa pili. Hakuna anayeambiwa katikati ya mto kuwa nauli yake iliishia hapo.