Mwaka Kogwa: Namna Makunduchi Wanavyouoga Mwaka

Wengi wetu katika kitivo hiki tumejifunza Kiswahili mbali na bahari. Ukisimama Rughenda, karibu na uwanja wetu mdogo wa ndege, unaona vilima vya Butembo na mikaratusi yake. Maji makubwa tunayoyajua ni ya Ziwa Edward, kule Kyavinyonge samaki wetu wanakotoka. Kwa hiyo maneno mengi ya lugha hii tumeyapokea bila kuona vitu vyake. Mimi nilijua neno jahazi kabla ya kuona jahazi, na neno kusi kabla ya kupigwa na upepo huo.

Katikati ya mwezi wa saba, nikiwa Unguja kwa masomo mafupi ya lugha, nilialikwa Makunduchi, kusini mwa kisiwa, kuona sherehe ya Mwaka Kogwa. Niliona haya kidogo. Jina lina maneno mawili tu. La kwanza nalijua tangu utoto, la pili sikulijua, nami najiita mwanafunzi wa Kiswahili. Makala haya yanaeleza nilichojifunza juu ya jina hilo, juu ya kalenda iliyo nyuma yake, na juu ya mambo yanayofanywa siku yenyewe. Naamini yanatuhusu na sisi.

Jina

Watu wa Makunduchi wana lahaja yao iitwayo Kikae, au Kimakunduchi. Si sawa na Kiunguja cha mjini, ambacho kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wanaosoma Kifaransa kati yetu wana bahati: Odile Racine-Issa alichapisha maelezo ya sarufi ya Kikae mwaka 2002. Baraza la Kiswahili la Zanzibar nalo lilitoa kamusi ya lahaja hiyo mwaka 2012.

Koga ni kuoga, baada ya ku- kuungana na irabu inayofuata. Ukiongeza -w- ya kutendwa unapata kogwa. Basi Mwaka Kogwa ni mwaka kuogwa, na watu husema pia kuoga mwaka.

Hapo nilisita. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kusafisha kwa maji. Nguo tunafua, sahani tunaosha, mikono tunanawa. Mtoto mchanga huogeshwa na mama yake. Maiti huoshwa, kwa kuwa hawezi tena kujifanyia lolote. Kuoga ni tofauti: anayefanya kazi na anayetakata ni mtu yuleyule. Kwa hiyo jina la sherehe halisemi kwamba mwaka unaoshwa na mtu fulani kwa niaba ya wengine, kama vile shehe au mganga. Linasema kwamba watu wanauoga, kila mmoja kwa mwili wake. Hii ni tafsiri yangu mimi, lakini niliyoyaona baadaye hayakuipinga.

Mwaka wa siku 365

Jina jingine la siku hiyo ni Nairuzi. Linatokana na Kiajemi nowruz, yaani siku mpya. Wenyeji wengi wa kusini mwa Unguja hujinasibisha na Washirazi. Wanahistoria wanaendelea kujadiliana ni wangapi hasa walitoka Uajemi, lakini jina hilo na hesabu ya siku zake vinaonyesha mawasiliano ya zamani kupitia Bahari ya Hindi.

Msomaji atauliza: Waislamu wana kalenda yao, kwa nini wahitaji mwaka mwingine? Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 hivi. Ndiyo maana Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, na huweza kuangukia masika, kipupwe au vuli. Kwa ibada hilo si tatizo. Lakini mkulima hupanda kwa kufuata mvua, na baharia husafiri kwa kufuata kusi na kaskazi. Wao walihitaji mwaka usioachana na majira.

Mwaka wa Nairuzi una siku 365, na ulihesabiwa kwa makumi. Kila siku kumi ziliitwa mwongo. Miongo 36 inafanya siku 360, kisha zinabaki siku tano za kufunga mwaka. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, na nahodha alijua mwongo wa kukitoa chombo baharini.

Leo darasani tunasema muongo kwa maana ya miaka kumi, na tunadhani ni neno la wataalamu wa historia. Kumbe lilikuwa neno la shambani na baharini, la siku kumi tu. Neno limesafiri hadi kwetu kwa njia ya vitabu, kalenda yake ikabaki pwani.

Kalenda hii haina mwaka mrefu. Mwaka halisi wa jua una siku 365 na karibu robo, kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, au siku 24 hivi katika karne moja. Sasa inaangukia katikati ya mwezi wa saba. Kwa hesabu hiyo, miaka 100 iliyopita ilikuwa ikifika kama tarehe 10 ya mwezi wa nane. Nchini Iran kalenda ilirekebishwa, na Nowruz yao hubaki mwezi wa tatu. Neno ni moja, tarehe ni mbili, na tofauti yote imeletwa na robo ya siku.

Siku yenyewe

Sherehe huendelea kwa siku kadhaa, lakini kilele chake ni siku ya kwanza, kwenye uwanja uitwao Kae Kuu. Nilipofika, wanaume walikuwa wameshika vigogo vya migomba. Wengine walivaa makoti mazito kwenye jua lile, wengine kofia za pikipiki. Kijiji hugawanyika pande mbili, kaskazini na kusini, na pande hizo hupigana. Zamani walitumia fimbo. Mgomba unauma, lakini hauvunji mfupa. Nilielezwa kwamba aliyekuwa na kinyongo na mwenzake huja kukimaliza hapo. Pigano likiisha, limeisha. Hakuna ruhusa ya kubeba ugomvi huo kwenda nao nyumbani.

Wanawake, waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote, walizunguka uwanja wakiimba. Nyimbo nyingine zilikuwa za mafumbo, nyingine za kutaniana waziwazi juu ya mapenzi na maisha ya ndoa. Niliona wazee wakitazama chini na kucheka.

Kisha kikaja kibanda. Kimejengwa kwa makuti, kidogo, cha siku moja tu. Mzee mmoja aliingia ndani, kikawashwa moto, naye akatoka mbio huku watu wakipiga kelele. Maana yake ni kwamba mwaka unaoanza, hata nyumba ikiungua, mtu asife ndani yake, na majirani wawe wepesi wa kuja. Watu walitazama pia moshi unaelekea wapi, kwa kuwa husomwa kama ishara ya mwaka.

Baadaye wengi walikwenda baharini, wengine wakarudi nyumbani kula. Kukosa mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa bahati mbaya, kwa hiyo nilivutwa mkono na watu nisiowajua. Bibi mmoja alinikaribisha kwenye mkeka. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Kongo, Butembo. Akauliza kama vita vimekwisha kule kwetu. Nikasema bado. Hakuuliza tena. Aliniongezea wali.

Taa zinazoelea za Thailand

Pwani ya karibu, kuanzia Jambiani hadi Paje, imejaa hoteli za watalii, na wageni wengi huletwa Kae Kuu kwa magari. Mmoja wao aliuliza kama usiku kutakuwa na taa za kuelea majini, kama alizoziona katika hoteli ya ufukweni huko Thailand. Swali lile lilinisaidia kufikiri.

Sherehe aliyoizungumzia ni Loy Krathong. Loy ni kuelea, na krathong ni kikapu kidogo cha majani. Hufanyika usiku wa mwezi mpevu wa mwezi wa 12 wa kalenda yao, ambao kwa kawaida ni mwezi wa 11 wa kwetu. Watu hukata kipande cha shina la mgomba, hukizungushia majani ya mgomba yaliyokunjwa, huweka maua, ubani na mshumaa, kisha hukiachia majini. Wanamshukuru mama wa maji, wanamwomba radhi kwa kuyachafua maji yake, na wanaacha mabaya ya mwaka yaende na mkondo. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Mgeni wa hoteli huona taa nzuri. Nyuma ya taa ile kuna kalenda, imani na mikono iliyojua kukunja majani.

Mgomba uko kote kuwili, na kwetu pia hatukosi: tunakula ndizi, tunakunywa kasiksi, na majani yake tunafungia vyakula. Lakini kazi yake si moja. Thailand mgomba hubeba mabaya yako uyaone yakienda mbali. Makunduchi mabaya yako yamesimama mbele yako, yana jina na uso, nayo yameshika mgomba wake. Tena kinachoelea hakipotei kabisa: kila mwaka wafanyakazi wa jiji la Bangkok huopoa krathong mamia ya maelfu kutoka majini. Uzuri wa njia ya Makunduchi ni kwamba mtu uliyegombana naye haelei kwenda popote. Kesho mtakutana kisimani.

Na sisi?

Sisemi tulete Mwaka Kogwa Butembo. Sherehe haipandwi kama mche wa kahawa. Wala sisemi kwamba vigogo vya mgomba vinaweza kumaliza vita. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wamekuwa wakiuawa, na wauaji hao hawaji uwanjani kupatana.

Lakini kuna ugomvi mwingine, ule wa kwetu sisi kwa sisi: mpaka wa shamba, deni la sokoni, neno lililosemwa msibani. Huo tunaubeba miaka mingi kwa sababu hatuna siku ya kuutua. Makunduchi wameupa tarehe, mahali, silaha laini, na sahani ya wali mwishoni.

Kuhusu mgeni, sisi hatuna la kujifunza kwao. Tunalo la kukumbuka. Nyumba nyingi za Butembo zimepokea wakimbizi kutoka Oicha na Eringeti, wakalala chumba kimoja na watoto wa nyumba, na hakuna aliyeliita jambo hilo sherehe. Nafikiri lina jina, lakini jina hilo liko katika Kinande cha babu na bibi zetu, si katika Kiswahili chetu cha shule.

Kazi hiyo ni ya kitivo hiki. Watu wa Makunduchi wana kamusi ya lahaja yao. Sisi tuwaulize wazee wetu, wangali hai, walisemaje walipopatana, walisemaje walipopokea mgeni aliyekimbia, na mwaka waliufungaje. Tuandike maneno hayo na maana zake. Mimi nimeanza na bibi yangu.