Sinema ya Freddie Mercury

Likizo iliyopita niliiona sinema iitwayo Bohemian Rhapsody, iliyotolewa mwaka 2018. Yaeleza habari za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Rami Malek, aliyemwiga, alitiwa meno ya bandia, maana Freddie alikuwa na meno manne ya ziada. Lakini sauti tuisikiayo katika nyimbo, kwa sehemu kubwa, ni ya Freddie mwenyewe kutoka katika rekodi zake.

Nilitokwa na machozi pale alipowaambia wenzake kuwa ana UKIMWI, kisha wakaenda kupiga muziki Wembley, tarehe 13 Julai, 1985. Niliporudi bwenini nilitaka kuwasimulia wenzangu, basi nikasoma kwanza maisha yake. Kumbe! Kwa maelezo ya mtu aliyeishi naye, ugonjwa uligunduliwa mwaka 1987. Watengenezaji wameurudisha nyuma miaka miwili, ili onyesho lile lionekane kama kuaga. Wala bendi haikuwa imevunjika, kama tuonyeshwavyo; mwezi Mei mwaka ule ule ilikuwa ikipiga Japani.

Najua maisha ya miaka 45 hayaenei katika saa mbili, na lazima mengine yakatwe. Kukata ni halali. Kuhamisha ugonjwa wa mtu, hapana. Machozi yangu yalichukuliwa kwa hila.

Tena wameikata shule ya bweni ya Panchgani, Bara Hindi, alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi. Mimi ndiyo niliyotamani kuiona.