Orodha ya msaada: mashine inajua nini, na haijui nini

Katika mikutano yetu na wahami wa vita wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, swali moja halikosi: kwa nini jirani amepata na mimi sikupata? Wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa hasira. Tangu mashirika yalipoanza kuchukua alama za vidole kwa mashine na kutuma pesa kwa simu, jibu ambalo watu wanapewa limekuwa fupi mno: mashine imekataa. Jibu hili halitoshi, na mara nyingi si la kweli.

Mashine ya vidole inajua kitu kimoja tu: kidole hiki kimekwisha kuandikwa, au bado. Inamzuia mtu mmoja asijiandikishe mara mbili kwa majina mawili. Hiyo ni kazi nzuri, maana wakati wa jetoni za karatasi kulikuwa na watu waliokusanya jetoni nyingi na kuziuza. Lakini mashine haijui nani ni mjane, nani analea yatima, wala nani analala kwenye mvua bila bashi. Hayo yote yaliandikwa na mtu: rais wa kambi, shefu wa kijiji, kiongozi wa nyumba kumi, au mfanyakazi wa shirika kama sisi. Kama mwandishi aliwatanguliza jamaa zake, mashine itayatunza majina yao kwa uaminifu kabisa, na haitauliza kitu.

Kuna pia vidole visivyosomeka. Mtu aliyelima miaka arobaini, au anayeponda mawe ya volkano kando ya Goma, au anayechoma makala, alama za vidole vyake huisha. Wazee wengi wako hivyo. Hilo si kosa lao na si dalili ya udanganyifu. Katika hali hiyo mwandikishaji anapaswa kujaribu kidole kingine, au kupiga picha, au kuandika mtu wa familia atakayemwakilisha mzee. Viongozi, msikubali mzee arudishwe nyumbani kwa sababu ya kidole.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, haki. Wengi wetu tunaposema haki tunafikiri juu ya usawa: kila mlango mfuko mmoja. Ni rahisi kuhesabu, na hakuna anayelalamika siku ile ile. Lakini mfuko wa kilo 25 kwa kijana anayeishi peke yake, na mfuko huo huo kwa mama mwenye watoto sita, si kitu kimoja. Ndiyo maana siku hizi mgawanyo hufuata idadi ya watu katika familia na udhaifu wao: ulemavu, ugonjwa, uzee, mama anayenyonyesha bila mume. Baba mwenye wake wawili wanaopika vyungu viwili, kila mama aandikwe na watoto wake, la sivyo chakula cha nyumba mbili kinashikwa na mkono mmoja.

Lakini pia tumeona mara nyingi kwamba shirika likiisha kuondoka, watu wanakaa na kugawana tena waliyopewa, kila mtu kidogo. Wageni wengine hukasirika wakisikia hivyo. Sisi hatuoni vibaya, ilimradi ni kwa hiari na si kodi ya kiongozi. Watu wanajua kwamba kesho wataombana moto na chumvi.

Shida kubwa zaidi iko kwenye simu. Katika nchi yetu hakujafanyika hesabu kamili ya watu tangu mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mchaguzi ndiyo imekuwa ikitumika kama kitambulisho. Katika uchaguzi wa Desemba 2023, watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya usalama, na wengi wao hawakuandikishwa kupata kadi mpya. Wengine walibaki na kadi za zamani, wengine kadi zao ziliungua pamoja na nyumba. Sasa, bila kadi ni vigumu kupata laini ya simu kwa jina lako. Bila laini, pesa haziji. Basi mama anaandikisha namba ya shemeji au ya jirani. Pesa zikiingia, mwenye laini ndiye anayesoma ujumbe kwanza, na ndiye anayekwenda kabini kuzitoa. Hapo ugomvi unaanza, na mara nyingine unaingia hata katika ndoa. Na ni jambo la kuumiza moyo kufikiri kwamba ndani ya simu nyingi kuna madini yanayotoka kwenye koltani, kama ile inayochimbwa Rubaya, katika vilima vya Masisi walikotoka baadhi ya watu hao wasiokuwa na simu.

Kwa hiyo, shirika likija kuandika, viongozi waulize mapema: asiye na kadi atafanyaje? Asiye na simu atapewaje? Nani analipa makato ya kabini? Mwaka 2025, mabanki ya Goma yalipofunga milango, noti zilikuwa adimu, na kiasi kilichoandikwa kwenye simu hakikuwa kiasi kilichofika sokoni. Shirika lililokubali kufikiria jambo hilo lazima liongeze makato juu ya msaada, si kuyatoa ndani yake.

Kuna swali lingine ambalo watu huogopa kuuliza: majina yetu yanakwenda wapi? Orodha ina jina, kijiji cha asili, namba ya simu na idadi ya watoto. Katika nchi ya vita, karatasi hiyo ikishikwa na mtu mbaya inaweza kuua. Hata mashirika makubwa hayana ukuta usiopenyeka: Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi waliingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000 wa nchi mbalimbali. Mna haki ya kuambiwa habari zenu zitatunzwa wapi na nani ataziona. Kwa sababu hiyo hiyo, sisi hatushauri kusoma majina yote kwa kipaza sauti sokoni, wala kutangaza siku ya pesa. Masharti ndiyo yasomwe hadharani, kila mtu ayasikie. Majina yahakikishwe katika vikao vidogo vya mtaa, ambako watu wanajuana na wanajua nani kweli alifika na nani ameongezwa.

Tangu Februari 2025, baada ya M23 kuuchukua mji wa Goma na kambi za kandokando kuvunjwa, orodha nyingi za kambi zilipoteza maana. Watu walitawanyika: wengine walirudi kwenye mashamba yaliyokuwa pori, wengine waliingia katika nyumba za jamaa, makanisa na shule. Mhami akiishi kwa mwenyeji, bomba la maji ni moja, choo ni kimoja, na maharagwe ya mwenyeji ndiyo yaliyoliwa wiki za kwanza. Shirika likija na kumpa mgeni peke yake, mwenyeji akibaki mlangoni anatazama, tumepanda chuki. Mashefu wanalijua hili kuliko sisi. Familia zinazopokea ziwe na sehemu yao, hata kama ni kukarabatiwa bomba au kulipiwa karo ya watoto.

Kuandikwa ni bure. Anayeomba pesa ili aandike jina ni mwizi. Anayemwomba mama au binti mwili wake anafanya uhalifu. Mwaka 2021, tume huru iliyochunguza kazi ya kupambana na Ebola ya 2018 hadi 2020 huku kwetu ilitaja watuhumiwa 83 wa maovu ya namna hiyo, wakiwemo wafanyakazi wa Shirika la Afya Duniani. Wanawake wengi walinyamaza kwa sababu hawakujua pa kusema.

Juu ya pa kusema: sanduku la malalamiko likiwekwa, angalieni limewekwa wapi. Tumeona masanduku mbele ya ofisi ya kamati, chini ya macho ya watu wale wale wanaolalamikiwa. Na asiyejua kuandika ataweka nini humo? Ombeni namba ya bure ya simu, na mama mmoja asiye wa kamati wa kuwasikiliza wanawake. Ufunguo wa sanduku usikae kambini.