Karafuu Zimeota Ukungu. Kwa Nini?



Msimu uliopita mama mmoja wa kisomo chetu, huku Donge, alipeleka magunia matatu ya karafuu kituoni. Mawili yalipokewa vizuri. La tatu lilipofunguliwa, mpimaji alitia mkono mpaka ndani kabisa, akatoa konzi moja, akainusa, kisha akaiweka juu ya meza. Karafuu zilikuwa na weupe kama zimenyunyiziwa unga. Nyingine zimesinyaa na rangi imepauka. Harufu yake ilikuwa ya nguo iliyokunjwa mbichi. Gunia likarudishwa.

Jioni akaja darasani. "Mwalimu," akasema, "zote nimezichuma siku moja, na mikarafuu ni ile ile. Vipi gunia moja lioze na mawili yapone?"

Tuliacha somo la siku ile, tukalizungumza jambo hili. Na wewe msomaji hebu tulizungumze pamoja, kwani huenda nawe una karafuu jamvini sasa hivi.

Kwanza tukumbuke kwamba karafuu ni ua. Tumezoea kusema "zao", tukasahau. Ni ua lililochumwa kabla halijachanua, wakati kichwa chake kinaanza kuingia wekundu. Ua likiwa mtini huletewa maji na chakula, na lina nguvu ya kujikinga. Likishachumwa, nguvu hiyo hupungua kila saa. Hapo ndipo ukungu hupata nafasi.

Ukungu ni kitu gani? Ukungu ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo mno, huwezi kuiona moja kwa jicho. Ziko hewani, ziko kwenye jamvi, ziko katika gunia la mwaka jana, ziko hata katika nguo uliyovaa. Huwezi kuzimaliza, usijisumbue. Lakini zina udhaifu mmoja: bila ya maji haziwezi kuota. Kwa hivyo vita vyetu ni vya kuondoa maji mapema, kabla ukungu haujaamka.

Hapo mzee mmoja aliinua mkono. "Karafuu ndiyo dawa ya jino," akasema. "Mafuta yake yanaua wadudu. Inakuwaje tena yenyewe ioze?"

Suali zuri sana. Ni kweli, ndani ya mafuta ya karafuu mna dawa iitwayo eujenoli, nayo huzuia ukungu. Madaktari wa meno wanaitumia mpaka leo. Lakini mafuta hayo yamefungwa katika vifuko vidogo vidogo chini ya ngozi ya karafuu. Ibonye karafuu nzuri kwa ukucha utayaona yanatoka. Ukungu hauanzi ndani ya vifuko. Huanza juu ya ngozi, penye unyevu, na katika takataka. Ukipewa maji ya kutosha na siku za kutosha, hushinda. Na makonyo je? Kikonyo kina mafuta machache kuliko ua lenyewe, tena hushika unyevu. Ndiyo maana tunaambiwa tuchambue siku ile ile ya kuchuma, tuanike karafuu mbali na makonyo mbali.

Sasa tutazame hesabu. Karafuu mbichi, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 3 mbichi zikikauka sawasawa hubaki kama kilo 1. Katika biashara ya dunia hutakiwa maji yasizidi sehemu 12 katika kila 100. Chukua daftari uandike: nimechuma kilo 30 mbichi. Zikikauka natazamia kilo 10. Nikipima nikikuta kilo 12, basi kilo 2 hizo nyingine ni maji. Ni sawa na kuchukua chupa mbili za lita moja, ukazimwaga ndani ya gunia, ukalishona mdomo. Wengine hufurahi gunia likiwa zito. Furaha hiyo haifiki kituoni.

Turudi kwa yule mama. Tulimuuliza alivyofanya, naye alieleza bila kuficha. Siku ya kwanza alianika zote. Siku ya pili mvua ya vuli ilimwahi, akaanua mbio. Mafungu mawili aliyatandaza chumbani juu ya majamvi. Fungu la tatu alilikosea nafasi, akalirundika pembeni, akalifunika kwa nailoni lisirowe. Mvua ikakaa siku mbili. Alipolifunua, rundo lilikuwa na joto.

Joto lile lilitoka wapi, na jua hakuna? Karafuu mbichi bado zinapumua, na vijidudu vilivyomo vinakula na kupumua pia. Pumzi hiyo hutoa joto na mvuke. Mvuke ukigonga nailoni hugeuka matone, matone hurudi chini, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Rundo linajipika lenyewe. Kwa hivyo jizoeshe kutia mkono ndani ya rundo. Ukihisi joto au jasho, usingoje asubuhi. Tandaza usiku ule ule, hata kama ni chini ya uvungu wa kitanda.

Kosa la pili: jua lilipotoka aliliona fungu lile limekauka juu, akalitia katika mfuko wa plastiki adhuhuri, likiwa bado na moto wa jua. Karafuu zikifungwa na moto hutoka jasho ndani ya mfuko. Ngoja zipoe kwanza kivulini, halafu ndipo utie kwenye gunia la katani, ambalo linapitisha hewa.

Jambo hili la jasho halituhusu sisi peke yetu. Wakulima wa mawaridi wa Naivasha, Kenya, na wa Arusha huku kwetu, huuza maua yao Ulaya kwa ndege. Adui wao ni ukungu wa kijivu. Huanza kwa vidoa vidogo juu ya ua, kisha ua zima linageuka kahawia na kuanguka. Wao hawawezi kuanika waridi likauke, nani atalinunua? Basi huliweka kwenye baridi kali ili ukungu uzubae. Lakini ua likitolewa kwenye baridi likaingia kwenye joto, matone hulishika kama chupa ya soda iliyotoka friji, na ukungu huamka. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani na Uholanzi walieleza kwamba waridi likichovywa kwa sekunde 10 katika maji yenye dawa kidogo sana ya kufanyia nguo nyeupe, ukungu hupungua. Nalisema hili kwa wenye kuuza maua ya harusi mjini. Karafuu usiitie dawa hiyo hata tone, kwani karafuu inaliwa. Na kina mama wanaofunga vikuba: asumini na waridi yenye umande usiifungie ndani ya nailoni. Itandaze juu ya kitambaa kwanza.

Haya, utajuaje kama karafuu imekauka? Kwa jua kali huchukua siku 4 au 5. Mawingu yakiwepo huzidi. Usihesabu siku tu, tazama karafuu yenyewe. Shina lake liwe kahawia iliyoiva na kichwa kiwe na rangi nyepesi kidogo. Ivunje: ikikatika kwa mlio, kavu. Ikipinda, bado. Kama una mizani, au muuza duka ni mtu mwema, jaza bakuli moja, pima asubuhi, andika. Anika peke yake, pima tena jioni. Ikiwa jua la kutwa halikupunguza kitu, maji yamekwisha.

Anika juu ya jamvi, karafuu zikiwa nyembamba, na ugeuze mara kwa mara kutwa. Barabarani hapafai, kuna vumbi, mafuta ya gari na mavi ya mbuzi. Anua kabla ya magharibi, kwani umande nao ni maji. Siku ya mvua wengine hukimbilia jikoni kukausha juu ya moshi. Ukungu utauzuia, lakini karafuu itanuka moshi na bei itaanguka vile vile. Afadhali chumba chenye madirisha wazi, na kugeuza bila kuchoka.

Gunia likishajaa lipandishe juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Lisikae na samaki mkavu wala mafuta ya taa. Magunia ya zamani yakung'ute na uyaanike jua la siku nzima kabla ya kuyatumia.

Na zikishaota ukungu? Kuziosha hakufai, unaongeza maji. Kuzianika tena kutausimamisha ukungu usiendelee, lakini rangi na harufu havirudi. Zitenge mara moja, wala usizichanganye na nzuri ukidhani hazitaonekana. Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar (ZSTC) hununua kwa madaraja, na mpimaji hutia mkono mpaka chini. Gunia lote litashuka daraja kwa ajili ya konzi chache. Unapozichambua jifunge kitambaa puani, khasa kama una pumu, kwani vumbi la ukungu huumiza kifua.

Mama yetu alilimwaga gunia lile jamvini, akachambua siku mbili yeye na wanawe. Zilizopona hazikufika nusu. Alizianika tena, akazipeleka, zikapokewa kwa daraja la chini.