Kabla hujampeleka mtoto Uhuru Park na droni yake

MTOTO amepita mtihani, na mjomba aliye ng'ambo amemletea zawadi: droni ndogo yenye kamera. Tangu siku hiyo hana wimbo mwingine ila Uhuru Park, Jumapili.

Mzazi, subiri kidogo. Chini ya kanuni za Kenya za mwaka wa 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani, aliye chini ya miaka 18 hawezi kumiliki droni. Atakayeisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), na atakayeulizwa maswali ikianguka, ni wewe. Hata kuiingiza nchini huhitaji kibali, jambo ambalo mjomba huenda hakulijua alipoipakia katikati ya nguo.

Angani nako kuna mipaka. Droni haifai kupita futi 400, yaani mita 120 hivi, wala kukaribia watu, magari au majengo yasiyo yako kwa chini ya mita 50. Sasa zitafute hizo mita 50 Uhuru Park Jumapili alasiri, familia zikiwa zimetandaza leso kila mahali!

Kikwazo kikubwa zaidi ni viwanja vya ndege. Bila idhini, droni hairushwi ndani ya kilomita 7 hadi 10 kutoka kiwanjani, kutegemea ukubwa wa kiwanja. Kutoka Uhuru Park hadi Wilson ni kama kilomita nne tu. Ukichora duara kuzunguka Wilson, JKIA na Eastleigh, sehemu kubwa ya Nairobi inamezwa. Nayo Arboretum inapakana na Ikulu.

Si ukali wa bure. Machi 2024, ndege ya abiria iliyotoka Wilson iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi, na wawili waliokuwa katika ile ndogo wakafariki. Droni haikuhusika, ila ajali hiyo ilionyesha jinsi anga ya jiji ilivyosongamana.

Mbugani pia usiibebe bila idhini ya Shirika la Wanyamapori (KWS).

Ikishasajiliwa, afadhali ingoje likizo. Shamba la babu, mbali na kiwanja cha ndege na nyumba za majirani, lina nafasi tele. Ng'ombe wahamishwe kwanza. Mlio wa droni huwatimua mbio.